Mgeni wa Lugha na Msomaji Mwenye Shida: Historia ya Safari kutoka Lugha ya Nyumbani hadi Kiingereza katika Shule za Musoma, Bunda na Butiama, 1934–2023

1.0 Utangulizi

Mtoto anayekulia katika familia inayozungumza Kizanaki wilayani Butiama, Kijita au Kikwaya pembezoni mwa Ziwa Viktoria, ama Kiikizu wilayani Bunda, huvuka vizingiti viwili vya lugha katika safari yake ya shule. Kizingiti cha kwanza kipo katika mlango wa darasa la kwanza, ambapo lugha ya nyumbani hukoma na Kiswahili huanza. Kizingiti cha pili kipo katika mlango wa kidato cha kwanza, ambapo Kiswahili nacho hubaki kuwa somo moja tu miongoni mwa masomo mengi yanayofundishwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo, mtoto huyu huwa mgeni wa lugha mara mbili ndani ya nchi yake, na mara nyingi ndani ya kata yake.

Mjadala wa lugha ya kufundishia nchini Tanzania umejikita zaidi katika swali la lugha ipi itumike, Kiswahili au Kiingereza. Swali hilo ni la msingi. Hata hivyo, makala haya yanauliza swali jingine ambalo halijapewa uzito unaostahili: katika kila kipindi cha historia, mwanafunzi aliyefika kizingitini alisaidiwa vipi kuvuka? Swali hili linatulazimisha kutofautisha makundi mawili ambayo shule zimezoea kuyachanganya. Kundi la kwanza ni la wageni wa lugha, yaani wanafunzi wanaosoma vizuri katika lugha waliyoizoea lakini hawajaijua lugha mpya. Kundi la pili ni la wasomaji wenye shida, yaani wanafunzi ambao hawajaimudu stadi yenyewe ya kusoma katika lugha yoyote. Makundi haya yanahitaji misaada tofauti. Hoja kuu ya makala haya ni kwamba msaada ulifanikiwa pale ambapo mgeni alipewa muda na mambo ya kusoma yanayotokana na maisha anayoyajua, na ulishindwa pale ambapo milango ilifunguliwa kwa wengi bila muda huo kuongezwa.

Makala haya ni ya kimaktaba. Yanategemea sera za elimu, ripoti za tume na maandishi ya kihistoria kuhusu Mkoa wa Mara. Yamechagua Musoma, Bunda na Butiama kwa sababu matukio kadhaa yaliyoelekeza elimu ya Tanzania yana asili yake katika eneo hili dogo.

2.0 Mazingira ya Kiisimu ya Eneo la Utafiti

Mkoa wa Mara ni miongoni mwa mikoa yenye lugha nyingi nchini. Mbali na lugha zilizotajwa hapo juu, zipo Kikurya, Kiikoma, Kinata, Kingoreme, Kikabwa, Kisimbiti na nyinginezo za Kibantu, pamoja na Kijaluo ambacho ni lugha ya Kinailoti. Mpangilio huu una athari za moja kwa moja darasani.

Kwa mtoto anayezungumza lugha ya Kibantu, Kiswahili si kigeni kabisa. Mfumo wa ngeli, upatanisho wa kisarufi na sehemu kubwa ya mzizi wa msamiati hufanana na vile anavyovijua. Pamoja na hayo, zipo tofauti. Baadhi ya lugha za Mara zina irabu saba ilhali Kiswahili kina irabu tano, na lugha hizo hutumia toni kutofautisha maana jambo ambalo Kiswahili hakifanyi. Kwa mtoto wa Kijaluo, hata mfumo wa ngeli ni jambo jipya.

Kizingiti cha pili ni kirefu zaidi. Tahajia ya Kiswahili ni wazi: herufi na sauti hulingana, na mtoto aliyeijua jedwali la silabi anaweza kusoma karibu neno lolote. Kiingereza hakina sifa hiyo. Neno lenye maana ya kisu katika lugha hiyo huanza kwa herufi ya k isiyotamkwa. Mwanafunzi aliyefundishwa kuiamini kila herufi hutamka neno hilo kama lilivyoandikwa, na darasa hucheka. Kosa hilo halitokani na uzito wa akili. Ni ushahidi kwamba amejifunza vizuri kusoma Kiswahili na sasa anahamisha kanuni yake kwenda mahali isipofanya kazi. Mwalimu asiyelitambua hili humhesabu mgeni wa lugha kuwa msomaji mwenye shida.

3.0 Mwisenge na Mfumo wa Chujio, 1934–1961

Kabla ya shule za serikali kuenea, kusoma katika eneo hili kuliingia kwa njia ya dini. Wamisionari wa Afrika walifungua misheni ya Nyegina mwaka 1911, Waadventista Wasabato walijenga vituo katika Majita na Ikizu, na Wamenonaiti walifika Shirati mwaka 1934 kabla ya kusogea Bukiroba karibu na Musoma. Katika mafundisho ya namna hiyo, kusoma kulifungamana na maandiko yaliyokaririwa kwa sauti, na msomaji alijua maneno kwa sikio kabla ya kuyaona kwa jicho.

Mfano unaofahamika zaidi wa mgeni wa lugha katika shule ya serikali ni Julius Kambarage Nyerere. Alizaliwa Butiama mwaka 1922, mwana wa Mtemi Nyerere Burito, na alianza shule ya Mwisenge mjini Musoma mwaka 1934 akiwa na umri wa miaka 12 hivi. Simulizi za maisha yake hueleza kwamba Mtemi Makongoro wa Ikizu, eneo ambalo leo limo wilayani Bunda, ni miongoni mwa waliohimiza apelekwe shule. Kutoka Butiama hadi Musoma ni takriban kilomita 40, hivyo mtoto aliishi bwenini. Alifika akiwa mzungumzaji wa Kizanaki, akajifunza Kiswahili hapo shuleni, akamaliza masomo ya miaka minne katika miaka mitatu, na mwaka 1937 akajiunga na shule ya serikali ya Tabora ambako Kiingereza kilitawala masomo. Kutoka hapo alikwenda Makerere mwaka 1943 na Edinburgh mwaka 1949.

Historia hii husimuliwa mara nyingi kama ushahidi wa kipaji. Kipaji kilikuwepo, lakini mwanahistoria wa elimu analazimika kuona pia masharti yaliyokizunguka. Kwanza, mtoto huyu hakupambana na vizingiti viwili kwa wakati mmoja. Alipewa miaka ya kuzama katika Kiswahili kabla ya kutakiwa kujifunza kwa Kiingereza. Pili, bweni lilimpa saa nyingi za kusikia na kutumia lugha mpya nje ya darasa, chakulani, kazini na michezoni. Tatu, madarasa ya Tabora yalikuwa ya wachache. Mwanafunzi aliyefika kidato cha juu tayari akitafsiri baina ya lugha tatu alikuwa na msingi ambao ulionekana baadaye alipotafsiri tamthilia za Shakespeare kwa Kiswahili, Julius Caesar mwaka 1963 na The Merchant of Venice mwaka 1969, ya pili ikijulikana kama Mabepari wa Venisi.

Upande wa pili wa mfumo huo ni kwamba ulikuwa chujio. Mwanafunzi aliyeshindwa kuvuka alirudishwa nyumbani na hakuhesabiwa tena. Wasichana wengi hawakufika hata kwenye mlango wa kwanza. Kwa hiyo, mafanikio ya Mwisenge na Tabora yalitokana na kuwapa wachache muda wa kutosha na kuwaacha wengi nje. Serikali ya kikoloni haikulazimika kujiuliza namna ya kumsaidia msomaji mwenye shida, kwa kuwa mfumo wake ulimwondoa kimyakimya.

4.0 Azimio la Musoma na Kufunguliwa kwa Mlango wa Kwanza, 1967–1982

Baada ya Azimio la Arusha, waraka wa Elimu ya Kujitegemea wa Machi 1967 ulibadili dhamira ya shule ya msingi. Haikuwa tena ngazi ya kuwapeleka wachache sekondari, bali elimu kamili kwa maisha ya wengi. Mwaka huohuo Kiswahili kilipewa nafasi ya kuwa lugha ya kufundishia katika elimu ya msingi yote, na Kiingereza kikabaki somo.

Hatua iliyofuata ilifikiwa katika eneo la utafiti lenyewe. Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana Musoma na kuamua kwamba elimu ya msingi kwa wote ipatikane ifikapo Novemba 1977. Matokeo yake yalikuwa makubwa. Uandikishaji wa shule za msingi nchini uliongezeka kutoka wanafunzi takriban milioni 1.2 mwaka 1974 hadi zaidi ya milioni 3 mwaka 1980. Ili kukidhi mahitaji, maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba waliandaliwa kuwa walimu huku wakifundisha. Hawa ndio walioitwa walimu wa UPE. Wengi walijitoa kwa moyo, lakini maandalizi yao katika ufundishaji wa kusoma yalikuwa mafupi, na Kiingereza chao kilikuwa kile walichokipata darasani kama somo.

Sambamba na hayo, kanda ya ziwa ilikuwa na uzoefu mwingine ambao haujatumiwa ipasavyo katika mjadala wa shule. Kuanzia mwaka 1968, mradi wa majaribio wa kisomo cha watu wazima chenye manufaa, uliosaidiwa na UNESCO na kuongozwa kutoka Mwanza, uliendeshwa katika mikoa ya Mwanza, Shinyanga, Ziwa Magharibi na Mara. Vitabu vyake vya kuanzia vilitungwa kuhusu shughuli za watu wenyewe, kama vile kilimo cha pamba, uvuvi, ufugaji, migomba na maarifa ya nyumbani. Mkulima wa pamba wa Bunda au mvuvi wa Majita alikutana na maandishi yaliyozungumzia kazi aliyoifanya asubuhi ileile. Baadaye gazeti la vijijini la Elimu Haina Mwisho lilimpa cha kuendelea kusoma baada ya kufuzu. Kitaifa, kiwango cha wasiojua kusoma na kuandika miongoni mwa watu wazima kilishuka kutoka takriban asilimia 67 mwaka 1967 hadi takriban asilimia 27 mwaka 1977, kwa mujibu wa takwimu za serikali.

Ni muhimu kuona kilichowasaidia watu wazima hawa. Wengi wao pia walikuwa wageni wa Kiswahili cha maandishi. Hawakusaidiwa kwa kuambiwa wanyamaze hadi waijue lugha. Walisaidiwa kwa kuanza na jambo wanalolijua, kujadiliana kuhusu jambo hilo, kisha kulisoma. Watoto wao katika shule za UPE hawakupata utaratibu huo. Kwao, lugha ya nyumbani haikuwa na nafasi rasmi darasani, na mwalimu aliyeitumia kufafanua alifanya hivyo kwa hiari yake na pengine kwa kificho.

5.0 Ubishi wa Kizingiti cha Pili, 1982–2001

Mlango wa sekondari ulibaki mwembamba katika miaka yote ya UPE. Ni asilimia chache tu ya waliomaliza darasa la saba walioendelea. Hata hao wachache walianza kuonyesha dalili za kutatizika. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika kufundishia sekondari kuanzia mwaka 1985 na hatimaye chuo kikuu. Pendekezo hilo halikukubaliwa. Mwaka 1984, uchunguzi wa Criper na Dodd ulibaini kuwa kiwango cha Kiingereza cha wanafunzi wa sekondari kilikuwa chini mno kiasi cha kutoweza kubeba masomo yaliyofundishwa kwa lugha hiyo. Hata hivyo, Kiingereza kiliendelea, na Nyerere mwenyewe alikitetea akikiita Kiswahili cha ulimwengu.

Kutokana na uchunguzi huo, serikali kwa msaada wa Uingereza ilianzisha mwaka 1987 mradi wa kusaidia ufundishaji wa Kiingereza. Nguzo yake moja ilikuwa vitabu vya hadithi vilivyopangwa kwa viwango vya ugumu, ili mwanafunzi asome vingi na vyepesi kabla ya vigumu. Wazo hilo lilikuwa sahihi kitaalamu. Udhaifu wake ulikuwa kwamba lilitegemea ufadhili, na lilimfikia mwanafunzi akiwa tayari ametupwa katika fizikia na jiografia kwa lugha asiyoijua.

Watafiti wa Kitanzania waliendelea kulipinga jambo hili. Zaline Roy-Campbell na Martha Qorro, katika kitabu chao cha mwaka 1997 kuhusu mgogoro wa lugha nchini, walionyesha kuwa kufundisha kwa Kiingereza si sawa na kufundisha Kiingereza. Nje ya Afrika Mashariki, Jim Cummins alikuwa amekwisha kuchunguza watoto wahamiaji nchini Kanada na kubaini kwamba huhitaji takriban miaka miwili kumudu mazungumzo ya kila siku katika lugha mpya, lakini miaka mitano hadi saba kumudu lugha ya kitaaluma. Watoto hao wa Toronto waliishi wakizungukwa na Kiingereza madukani, mitaani na katika televisheni. Mwanafunzi wa Butiama hana mazingira hayo. Akitoka darasani anarudi kwenye Kiswahili na Kizanaki.

Mwishoni mwa kipindi hiki, Musoma Vijijini, ambayo wakati huo ilijumuisha Butiama ya leo, ilikuwa miongoni mwa wilaya tano za majaribio ya Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Walioikosa, yaani MEMKWA. Mpango huu uliwalenga watoto waliopitwa na umri wa kuanza shule. Umuhimu wake kihistoria ni kwamba ulikubali wazi kwamba mtoto aliyechelewa kusoma anahitaji njia yake, na si kulazimishwa kukaa na wadogo zake darasa la kwanza.

6.0 Shule za Kata na Wiki Sita za Kuvuka, 2002–2023

Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ulianza mwaka 2002 baada ya ada kufutwa, na ule wa sekondari (MMES) mwaka 2004. Shule za sekondari za kata zilijengwa kwa nguvu za wananchi, na wanafunzi wa sekondari nchini waliongezeka kutoka takriban 430,000 mwaka 2004 hadi zaidi ya milioni 1.8 mwaka 2012. Kwa mara ya kwanza, mtoto wa mkulima wa Bunda aliweza kufika kidato cha kwanza akitembea kwa miguu kutoka nyumbani. Hili ni jambo la haki na halipaswi kubezwa.

Hata hivyo, kilichofanyika mwaka 1974 katika mlango wa kwanza kilijirudia katika mlango wa pili. Idadi ilipanuka, muda wa kuvuka haukupanuka. Msaada rasmi kwa mgeni wa Kiingereza ulikuwa kozi ya mwanzo ya kidato cha kwanza, inayochukua takriban wiki sita. Wiki sita zilichukua nafasi ya miaka ambayo bweni la Mwisenge na Tabora liliwapa wachache. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, ambapo zaidi ya watahiniwa 240,000 walipata daraja sifuri kabla ya matokeo kupangwa upya, yaliitikisa nchi. Mwaka huohuo serikali ilikiri kuwepo kwa maelfu ya wanafunzi waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza bila kujua kusoma na kuandika. Taarifa hizi mbili zilijadiliwa kama tatizo moja. Kwa mtazamo wa makala haya, ni matatizo mawili. Wapo waliofeli kwa sababu hawakujua kusoma, na wapo waliofeli kwa sababu walijua kusoma lakini si katika lugha ya mtihani.

Hatua zilizofuata zilianza kutambua kizingiti cha kwanza. Mwaka 2015 mtaala wa madarasa mawili ya mwanzo ulielekezwa katika Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, na Kiingereza kikaondolewa katika madarasa hayo. Mpango wa EQUIP-Tanzania, ambao Mara ilikuwa miongoni mwa mikoa yake, uliwaandaa watoto wasiozungumza Kiswahili nyumbani kwa hadithi na mazungumzo kabla ya kuanza darasa la kwanza, wakiongozwa na wasaidizi kutoka katika jamii yao. Huu ni urithi wa kisomo cha watu wazima cha mwaka 1968, hata kama haukutajwa kwa jina hilo. Kwa upande mwingine, mtaala ulioboreshwa uliotokana na toleo la mwaka 2023 la Sera ya Elimu na Mafunzo umerudisha somo la Kiingereza darasa la kwanza, ilhali Kiingereza kimeendelea kuwa lugha ya kufundishia sekondari. Maana yake ni kwamba mtoto wa Butiama sasa anakutana na vizingiti vyote viwili katika mwaka mmoja.

7.0 Mjadala

Historia hii ya takriban miaka tisini inatoa mafunzo matatu. Kwanza, muda haubadilishwi na ari. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Shule zetu zimeishika sehemu ya kwanza ya methali hii, zikasahau kwamba mwenyeji humwonyesha mgeni shamba kabla ya kumkabidhi jembe. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza hupewa wiki zake chache za ugeni, kisha hupewa mtihani.

Pili, stadi ya kusoma huhama kutoka lugha moja kwenda nyingine. Mtoto aliyesoma Kiswahili kwa ufahamu amekwisha kupata kilicho kigumu zaidi, yaani kujua kwamba maandishi yana maana na kwamba maana hutafutwa. Asiyepata hilo katika Kiswahili hataokolewa na kuanza Kiingereza mapema.

Tatu, upimaji unapaswa kutangulia msaada. Mwanafunzi anapoingia kidato cha kwanza, asomeshwe kifungu kimoja cha Kiswahili na kimoja cha Kiingereza na kuulizwa maswali ya ufahamu. Anayeelewa cha kwanza na kushindwa cha pili ni mgeni wa lugha. Huyu anahitaji msamiati wa masomo, vitabu vyepesi vingi na ruhusa ya kuuliza kwa Kiswahili. Anayeshindwa vyote viwili ni msomaji mwenye shida. Huyu arudishwe kwenye silabi na hadithi fupi za Kiswahili, na apimwe macho na masikio. Zoezi hili halihitaji mfadhili. Linahitaji karatasi mbili na dakika chache kwa kila mtoto. Kuwaweka wote wawili kundi moja na kuwaita wazito ni kumnyima kila mmoja dawa yake.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamechunguza namna wanafunzi wa Musoma, Bunda na Butiama walivyosaidiwa kuvuka kutoka lugha ya nyumbani hadi Kiswahili, na kutoka Kiswahili hadi Kiingereza. Imebainika kuwa mfumo wa kikoloni uliwapa wachache muda na kuwachuja wengi, Azimio la Musoma lilifungua mlango wa kwanza kwa wote, na shule za kata zikafungua mlango wa pili kwa wengi. Katika vipindi vyote viwili vya upanuzi, daraja la kuvukia lilibaki jembamba. Eneo hili lenyewe lilikwisha kuonyesha, kupitia kisomo cha watu wazima, kwamba mgeni wa maandishi huvuka anapoanzia kwenye anachokijua. Inapendekezwa kwamba lugha za jamii ziruhusiwe rasmi katika mazungumzo ya darasa la awali na la kwanza, kozi ya mwanzo ya kidato cha kwanza irefushwe na kuendelea ndani ya masomo yote, na walimu waandaliwe kumtambua mgeni wa lugha na kumtofautisha na msomaji mwenye shida. Utafiti zaidi ufanyike katika madarasa yenyewe ili kubaini namna walimu wa Mara wanavyowavusha wanafunzi kila siku kwa kuchanganya lugha, jambo ambalo sera hazijalitambua.